Siku Mwanzi Alipomwacha Chiriku Mlangoni

Kila Jumamosi Mwanzi alikuwa na kazi tatu kabla ya saa nne: kuosha vyombo vya asubuhi, kumnawisha mdogo wake uso na miguu, kisha kumpeleka sokoni kwa baba. Jina la Mwanzi alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa mwaka ule alirefuka kana kwamba hakuwa na kazi nyingine. Mdogo wake, msichana wa miaka minne na nusu, aliitwa Chiriku nyumbani na sokoni pia. Mdomo wake ulifunguliwa alfajiri na kufungwa na usingizi tu.

Baba yao alikuwa fundi viatu. Meza yake ilikuwa pembeni mwa soko, kati ya muuza ndoo na muuza vitambaa, mahali ambapo harufu ya gundi ilishinda harufu zote. Tangu mama yao afariki, miezi saba iliyopita, Chiriku alishinda chini ya meza hiyo, akizipanga soli za zamani mistari miwili na kuzifundisha hesabu.

Mama alipokuwa hai, hakuna aliyefikiria suala la choo. Alimshika Chiriku mkono, wakaingia kwa wanawake, wakatoka, basi. Baba hakuweza kuingia kwa wanawake, wala hakutaka kumkabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua. Akabuni njia yake. Kila mara alivua aproni yake ya ngozi, akamfunika nayo Chiriku kuanzia kichwani hadi magotini, akasimama kwenye mlango wa wanaume, akakohoa, kisha akapaza sauti: "Hodi jamani! Nina mtoto wa kike!" Waliokuwa ndani walijiweka sawa wakajibu, "Karibu, fundi." Ndipo alipompitisha upesi hadi kwenye chumba chenye mlango, akasimama nje yake kama askari. Kwa Chiriku ulikuwa mchezo mtamu. Aliimba humo ndani ya aproni, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Aliyekufa kwa aibu ni Mwanzi. Jumatatu moja Kipa, mlinda mlango wa timu ya darasa lao, alimuuliza mbele ya wenzao, "Eti Mwanzi, baba yako anafuga mbuzi siku hizi? Nimemwona anamwingiza mmoja chooni, tena ana ngozi mpaka usoni!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwanzi naye alicheka, asije akaonekana ameumia. Kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomchoma jioni, alipomtazama baba akila kimya na kumkatia Chiriku vipande vidogo vidogo.

Jumamosi iliyofuata, mteja mmoja alikaa kwenye kigoda cha baba mguu mmoja ukiwa mtupu. Basi lake lilikaribia kuondoka, na kiatu chake kilikuwa bado mdomo wazi.

"Baba, mkojo," Chiriku akasema.

"Subiri kidogo, mama."

"Umefika mlangoni, baba!"

Mteja akacheka. Baba akashika sindano kwa meno, akavua aproni, akampa Mwanzi. "Mpeleke mdogo wako. Fanya kama ninavyofanya mimi. Usimwache."

Mwanzi aliikunja aproni ikawa kifurushi kidogo, akaibana kwapani. Walipokata kona ya vyoo, akasita. Kwenye bomba la nje Kipa na wenzake wawili walikuwa wakiosha mpira. Walikuwa bado hawajamwona. Mwanzi akaisukuma aproni nyuma ya tangi la maji, akachutama mbele ya Chiriku.

"Leo wewe ni mkubwa," akamnong'oneza. "Utaingia kule kwa wanawake, peke yako."

"Na hodi?"

"Kule hawapigi hodi. Nenda."

"Utanisubiri?"

"Nitakusubiri hapa hapa."

Chiriku akamtazama kidogo, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akaingia. Mama mwangalizi wa vyoo, ambaye soko zima lilimwita Shangazi, hakuwepo mlangoni. Alikuwa amekwenda kujaza ndoo.

"Mwanzi! Unanusa nini hapo kwa akina mama?" Kipa akamwita.

"Nani? Mimi napita tu," Mwanzi akajibu, akawafuata nyuma ya ukuta, walikokwenda kucheza. Wakampigia mpira, akaurudisha. Wakampigia tena. Alijiambia ni mara moja tu, halafu mara moja nyingine.

Aliporudi, mlangoni hapakuwa na mtu. Akaita, lakini kwa sauti ndogo ambayo hata yeye aliisikia kwa shida: "Chiriku." Mwanamke mmoja alitoka akikung'uta maji mikononi.

"Samahani mama, kuna mtoto humo?"

"Sijaona mtoto mimi."

Mwanzi akageuka. Alikimbia hadi kwa baba, na njiani uongo ukajitengeneza wenyewe. "Baba, Chiriku hayupo! Nilimpeleka kwa wanaume, nikainama kunawa mikono, kuinuka hayupo!"

Baba aliangusha kiatu. Muuza ndoo akaacha ndoo zake, muuza vitambaa akaacha mita yake juu ya meza. Mmoja alikimbilia geti la mabasi, mwingine kwenye maghala, mwingine barabarani. Kipa na wenzake nao walisikia, wakaacha mpira, wakaanza kuchungulia chini ya meza za wauza mboga. Hakuna aliyewaza kutafuta kwa wanawake, maana kaka mtu alisema kwa wanaume.

"Chiriku!" baba aliita. "Chiriku wangu!"

Mwanzi alimfuata nyuma. Katika siku zote za msiba hakumsikia baba akiinua sauti. Aliwapokea watu, akashukuru, akatandika mikeka. Sasa sauti yake ilipasuka katikati ya soko, watu wakageuka. Baba akashika nguzo.

"Alikuwa na aproni?" akauliza. "Mwanzi, nakuuliza. Ulimfunika aproni? Niwaambie watu wamtafute mtoto mwenye aproni?"

Shangazi alikuwa amesimama hapo na ndoo yake. Kipa alikuwa hapo. Nusu ya soko ilikuwa hapo. Mwanzi alitamani ardhi ipasuke immeze na viatu vyake.

"Sikumfunika," akasema. "Sikumpeleka kwa wanaume. Niliona aibu, wenzangu wasinicheke. Nilimwambia aingie kwa wanawake peke yake. Aproni nimeificha nyuma ya tangi."

"Kwa wanawake?" Shangazi akatua ndoo kwa kishindo. "Chumba cha mwisho kina komeo bovu! Linajiangusha lenyewe, na sisi tunaolijua hatukitumii!"

Akakimbia mbele, baba nyuma yake. Shangazi akagonga mlango wa mwisho. "Mtoto! Upo humo? Fungua, mwanangu!" Kimya. Akagonga tena. Kimya vilevile.

Baba alisimama kwenye mlango wa nje, asithubutu kuingia. "Hodi jamani! Nina mtoto humo!"

"Pita, baba, pita," wanawake wawili wakajibu, wakajisogeza.

Akaenda hadi mlango wa mwisho, akauwekea mdomo. "Chiriku. Ni mimi, baba."

Kisha sauti ndogo, iliyokauka kwa kilio, ikasema, "Ni baba kweli?"

"Ni mimi, mama."

"Mama alisema nikiwa chooni, mtu nisiyemjua akigonga, nisiseme na nisifungue. Halafu halifunguki. Halafu kaka alisema atanisubiri."

Mwanzi aliyasikia akiwa nje, kila neno.

Shangazi alileta kigoda na fimbo ya ufagio, akaingiza fimbo juu ya mlango, akalinyanyua komeo. Chiriku alitoka gauni limelowa, akadandia shingo ya baba akang'ang'ania. Watu wakashusha pumzi, wakatawanyika. Kipa alibaki akikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. "Yule mbuzi," akasema chini chini, "ulikuwa utani tu." Akaenda kuichukua aproni nyuma ya tangi, akaipangusa vumbi, akaiweka juu ya meza ya fundi.

Baba hakumpiga Mwanzi wala hakumgombeza. Alimbadilisha Chiriku nguo kwa kitambaa alichopewa na jirani, akarudi kwenye kiatu chake. Mwanzi akaenda kukaa kando ya ndoo za Shangazi, uso katikati ya magoti.

Shangazi alifagia, akafagia, hadi ufagio ukafika miguuni pa Mwanzi.

"Unajua wewe uliwahi kuingia humu kwa wanawake?" akasema.

Mwanzi akainua uso. "Mimi?"

"Wewe na urefu wako huo. Mpaka ukakaribia miaka sita. Mama yako alikuleta amekushika hapa, kwenye kifundo cha mkono, kama polisi na mwizi. Siku moja ukamwona bibi mmoja anakunja khanga zake, ukauliza kwa sauti, soko zima likasikia, 'Mama, mbona bibi huyu ana nguo nyingi na jua ni kali?' Wanawake walicheka mpaka wakashika kuta."

Mwanzi akacheka kidogo. "Na mama alisemaje?"

"Aliona aibu, alijifunika uso kwa mtandio. Akaniambia, 'Dada, naona haya kila nikija naye, lakini nikimwacha nje nitakojoa roho ikiwa mlangoni.' Hivyo ndivyo alivyosema. Akaendelea kukuleta."

Machozi ya Mwanzi yalidondoka kwenye sakafu aliyoifagia Shangazi, naye akasubiri yaishe. Kisha Mwanzi akainuka, akaenda hadi chini ya meza ya baba.

"Chiriku, nilikwambia nitakusubiri, nikaondoka. Nisamehe."

Chiriku alikuwa akizigawia soli daftari za kufikirika. "Wewe kaa mstari wa nyuma," akamwambia kwa ukali wa mwalimu. Mwanzi akakaa. "Na baba nisamehe. Nilikudanganya."

Baba alivuta uzi hadi mwisho kabla ya kujibu. "Uongo wako ulitupeleka barabarani wakati mtoto yuko chooni. Ungelikuwa moto je? Kesho ukiniambia neno, nitataka kuliamini. Nisaidie niliamini."

Jioni ile baba na Shangazi walikwenda kwa msimamizi wa soko. Pembeni mwa vyoo kulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wake wa nje, ambamo yalihifadhiwa mafagio yaliyochakaa na makopo ya rangi. Jumapili kilisafishwa. Mwanzi alibeba makopo bila kuambiwa, na Kipa alikuja kusugua sakafu. Baba alifunga komeo jipya, chini, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka minne unafika. Ikakubaliwa kwamba mzazi yeyote mwenye mtoto mdogo, wa kike au wa kiume, atatumia chumba hicho, na atasimama nje hadi mtoto amalize na anawe mikono kwa sabuni. Mtu wa kwanza kukitumia alikuwa mama mmoja na mwanawe wa miaka mitano. Alipotoka alishukuru kama aliyepewa nyumba.

Shangazi akamgeukia Mwanzi, aliyekuwa akipangusa mlango.

"Sikia, mwanangu. Kuona haya si vibaya, ndiko kunakotufanya tufunge mlango tukiwa ndani. Lakini haya ikikufanya umwache mdogo wako peke yake, au useme uongo wakati anatafutwa, hiyo imekuzidi nguvu, na wewe ndiye wa kuishinda. Mama yako aliishinda kila siku, kwa ajili yako."

"Nimesikia, Shangazi," Mwanzi akasema.