Kofi la Kwanza

Haya yalimpata rafiki yangu Nasma, wa Somanga, na mpaka leo akiyasimulia hushusha sauti. Alikuwa anajifunza udijei. Frank, mwalimu wake, alimwambia, "Ukianza kuskrachi, kusugua sauti mbele na nyuma kwa sahani ya mashine, tafuta sauti fupi yenye mwanzo mkali. Hata kofi moja la viganja linatosha."

Basi mchana ule akaingia kwenye ghala tupu la korosho, akafunga mlango kuzuia kelele za malori. Giza likawa totoro. Akawasha simu irekodi, akaichomeka kifuani, akagonganisha viganja mara moja, akatoka.

Nyumbani aliiweka sauti ile kwenye mashine ya udijei, akavaa hedifoni. Yakasikika makofi mawili.

"Huo mwangwi," Frank alimwambia alipompigia simu. "Kata la pili, ubaki na la kwanza."

Nasma akaweka kiganja kwenye sahani, akaizungusha polepole. Kofi la pili ndilo lilikuwa lake. Pete yake ilisikika ikigonga. La kwanza lilikuwa zito, la viganja vikubwa.

Akairudisha sahani mpaka mwanzo kabisa, kabla ya makofi yote. Pale, karibu na simu iliyokuwa kifuani mwake, mtu mwingine alikuwa akivuta pumzi taratibu.