Koki ya Chini

Hadi leo fundi hajui ile hewa ilikuwa inapitia wapi. Kila jioni alilijaza tangi la kompresa, akafunga koki zote, akazima. Asubuhi alikuta geji imeshuka nusu. Alipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, akainamisha uso kusubiri povu. Halikutoka. Alibadilisha mpira, akabadilisha vali. Geji ilishuka vilevile.

Alitengeneza magari nyumbani, kwenye kibanda kilichoegemea chumba cha mama yake. Kompresa ilikuwa ndogo, ya magurudumu mawili, zawadi ya kaka yake. Kaka alikuwa ameugua kifua miaka mitatu, hata ngazi mbili zilimtoa jasho. Siku aliyoileta aliikokota mwenyewe, huku akikohoa, na alisisitiza jambo moja tu.

"Maji yanayojikusanya ndani ya tangi usimwage wewe, mdogo wangu. Nitakuja mwenyewe kila Jumamosi."

"Kaka, kumwaga maji ni kufungua koki ya chini tu. Hata kuku anaweza."

"Basi niachie hiyo kazi ya kuku."

Walicheka. Kila Jumamosi kaka alikuja na chupa, akayakinga yale maji, akaondoka nayo. Fundi hakuuliza. Nani amhoji kaka yake juu ya maji ya kutu?

Miezi ikapita. Kaka akanenepa, akaanza kupanda ngazi akipiga mluzi. Mama naye akaanza kupumzika kila hatua tano.

Alhamisi moja, jua likizama, fundi alikuwa anafunga tairi la mwisho la gari la mteja. Spana ya hewa ikakwama, ikatema maji kwenye nati. Tangi lilikuwa limejaa maji, na Jumamosi ilikuwa mbali.

Akainama. Akafungua koki ya chini.

Ssssss...

Ng'ambo ya ukuta, mama alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Fundi alichovya kidole, akanusa. Alitarajia kutu.

Ilikuwa kafuri. Ile dawa ambayo mama hujipaka kifuani akitaka kulala.

Alifunga koki, akawasha mashine. Ikanguruma, na mama akaanza kutweta. Akazima. Mama akatulia.

Akawasha tena, apate hakika. Baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba aliwasha mara ya pili.

Alipoingia chumbani, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani. Hakuonekana kushangaa.

"Umemwaga maji," alinong'ona.

"Mama... ulikuwa unajua?"

"Kaka yako alikuja kwangu kwanza. Aliniomba. Nikampa."

Alilisema hilo kama mtu aliyempa mwenzake kiti akae.

"Na mimi je? Kila siku nakunyonya pumzi kwa mkono wangu huu, na nyote wawili mnanitazama?"

"Lazima iwashwe na mkono wa mtu wa damu yake. Ndivyo alivyoambiwa."

"Na nani?"

Mama akageukia ukuta. "Tungekuambia, ungekataa."

Fundi alikaa sakafuni. Alijaribu kumchukia kaka yake, akashindwa. Aliwahi kumwona midomo ikigeuka buluu. Lakini siku zote alidhani ni yeye anayemtunza mama. Kumbe walikaa wawili, wakashauriana, wakamchagua yeye kwa kuwa haulizi.

"Haitawaka tena," alisema mwishowe. "Nimeamua."

"Haya, baba."

Alikata waya wa umeme kwa koleo, akafunga kibanda kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Kesho yake jioni alikwenda kumrudishia mteja gari lake. Aliporudi, kabla hajafika mlangoni, aliisikia.

Dugudugudugu...

Akapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwemo.

Kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Kufuli la kibanda lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Akalifungua.

Waya ulikuwa bado vipande viwili. Kompresa ilikuwa inanguruma. Mama alikuwa amechutama kando yake, kidole kwenye swichi, na kibanda kizima kilinuka kafuri. Fundi alimshika mkono amwondoe. Kidole hakikubanduka.

"Wewe uliamua isiwake," alisema mama, kwa sauti iliyobaki kidogo sana. "Mimi niliamua kabla yako."

Geji ilikuwa inapanda.