Mize Atafuta Mgeni wa Mwaka Mpya

Mize ana miaka sita. Anakaa na Bibi yake Makunduchi, kusini mwa Unguja.

Kwingine mwaka mpya huanza Januari. Makunduchi huanza tena Julai. Mwaka mpya mmoja hauwatoshi.

Siku hiyo watu wazima huenda uwanjani kupigana kwa vigogo vya migomba. Paa! Paa! Paa! Wakimaliza, hushikana mikono, na ugomvi wa mwaka mzima umekwisha.

Mize akimgusa mwenzake kwa kijiti, huambiwa hana adabu.

Kisha watu hula. Na siku hiyo kila nyumba lazima iwe na mgeni.

"Nyumba bila mgeni, mwaka utaingiaje?" husema Bibi.

Mwaka huu mgeni wao alikuwa awe Mjomba Vuai, kutoka Pemba. Lakini Mjomba alipiga simu. Mguu umevimba, hawezi kuja.

Sufuria ya mchuzi ilichemka. Tokota, tokota, tokota. Bibi alikaa kando ya jiko, kimya. Kila mwaka Bibi huimba akipika. Mize alimwonea huruma sana.

"Nakwenda kutafuta mgeni," alisema.

Barabarani wageni walikuwa wengi. Kila mmoja alikuwa ameshashikwa mkono na mwenyeji wake.

Mize akamwona kijana mrefu kutoka Denmaki. Yuko peke yake. Lakini mgeni hachukuliwi ovyo, lazima aulizwe kwanza.

"Kwenu mwaka mpya mnafanya nini?"

"Tunavunja sahani kwenye milango ya marafiki," alisema kijana.

Mize akazikumbuka sahani za Bibi, zile za maua.

"Safari njema," alisema Mize.

Lakini nyumba bila mgeni, mwaka utaingiaje?

Akamwona mama mmoja kutoka Uhispania.

"Sisi tunakula zabibu kumi na mbili," alisema yule mama.

"Halafu?"

"Halafu basi."

Maskini. "Njoo ule kwetu," alisema Mize.

Mama akashika tumbo. Alikuwa ameshakula nyumba nne, na ya tano walikuwa wanamngoja. "Mwanangu," alisema, "hata harufu siitaki."

Mize akarudi, taratibu, akiburuta ndara. Shwa, shwa, shwa. Nyumba bila mgeni, mwaka utaingiaje?

Jirani yao, Bi Mosi, alisimama kwenye mlango wa nyumba yake, akitazama barabara.

Bi Mosi na Bibi hawasemezani. Kuku wa Bi Mosi alikula mchicha wa Bibi. Tangu siku hiyo, mmoja akiwa na neno, humwambia kuku. Kuku hajafikisha hata neno moja.

Asubuhi wote wawili walikwenda uwanjani kutazama watu wakimaliza ugomvi. Mmoja alikaa upande huu, mwingine upande ule.

"Shikamoo Bi Mosi. Unatazama nini?"

"Marahaba. Namtazamia mgeni. Chakula kinapoa."

"Na sisi hatuna," alisema Mize. Akafikiri. "Bi Mosi, wewe unakaa kwetu?"

"Mimi? Sikai kwenu mie."

"Basi wewe ni mgeni. Twende."

Bi Mosi alitazama barabara mara moja tena. Hapakuwa na mtu. Akajifunga kanga vizuri, akamfuata Mize hatua kumi.

"Hodi," alisema Bi Mosi.

Bibi akainua macho. Tokota, tokota, ilisema sufuria.

Mgeni hafukuzwi siku ya mwaka. Hata akiwa Bi Mosi.

"Karibu," alisema Bibi. Na akamtandikia mkeka mpya.

Bi Mosi alikula. Akasifu mchuzi. Akaongezwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kwangu je, nani atakula?"

Basi Bibi na Mize wakavuka ua, wakala tena. Bibi aliimba njia nzima, hatua zote kumi.

Jua likazama. Walirudi nyumbani, na Bi Mosi akawasindikiza mpaka mlangoni.

"Nawe ni mgeni, usiende peke yako," alisema Bibi. Akamsindikiza Bi Mosi mpaka kwake.

Bi Mosi akamsindikiza Bibi kurudi.

Bibi akamsindikiza Bi Mosi.

Mize akapanda kitandani, akajifunika shuka. Nje alisikia ndara zikienda, zikirudi, na bibi wawili wakicheka.

Mwaka ulikuwa umeshaingia. Mize akalala.