Paa Mwisho

Daraja la magogo lilikatika Mama Mashuka akiwa ameshavuka na shemeji yake akiwa bado katikati. Halikutoa kishindo. Lilimeguka kama mkate mkavu, likaenda na maji. Shemeji huyo, Mdogo Mtu, alizama hadi kifuani, akashika mzizi, ukamponyoka, akashika mwingine. Mama Mashuka alilala kifudifudi kwenye tope, akamkamata ukosi wa koti na kumvuta kama anavyovuta shuka zito kutoka kwenye mashine. Alipomfikisha ukingoni, aliona muundi wa mguu wake wa kushoto umechanika kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo.

"Begi?" Mdogo Mtu aliuliza, meno yakigongana.

"Ninalo mimi. Kaa chini."

"Limelowa?"

"Nimesema kaa chini!"

Begi la Mdogo Mtu mwenyewe, lenye vifaa, chakula na simu zao zote mbili, lilikuwa limeshapotea kwenye kona ya mto. Gari lilikuwa ng'ambo. Mbele yao njia ilipanda msituni kuelekea mnara wa simu uliokuwa kileleni, penye kibanda cha mlinzi. Kwa mguu mzima ulikuwa mwendo wa nusu siku. Nao walikuwa na mguu mmoja mbovu, na wingu jeusi lilikuwa limeshakaa juu ya miti.

Walimwita Mdogo Mtu kwa kuwa alikuwa mdogo wake Fundi, ingawa alirefuka hata akawa anainama kwenye kila mlango. Fundi ndiye aliyekuwa akiitunza minara ya milimani, na ndiye aliyekuwa mume wa Mama Mashuka. Figo zilimuua. Kazi ikamwangukia mdogo wake, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akitengeneza redio barazani. Mjane aliomba afuatane naye safari hii moja tu, akaone mahali mumewe alipokuwa akilala nusu ya maisha ya ndoa yao. Mama mkwe alipinga. Wote wawili hawakumsikiliza.

Mama Mashuka alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakifunga juu ya jeraha na kukaza hadi Mdogo Mtu akalia.

"Unaniua, shemeji."

"Afadhali nikuue mimi kuliko mto. Simama, tutafute miti miwili mizuri."

Miti miwili waliipata upesi, imara, imeachana vizuri kwa machela ya Fundi, kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa huku na huku kikaning'inia. Fundi alikuwa na nyumba nzima ndani ya begi lile alilobeba Mama Mashuka, na kila kitu alikipa jina la nyumba. Machela ilikuwa kitanda. Blanketi la manyoya ya bata lililofungwa chini ya machela, kuzuia baridi inayopanda, liliitwa sakafu. Blanketi la kujifunika liliitwa mlango. Turubai la kutandwa juu ya vyote lilikuwa paa.

Mvua ilianza kabla hawajafungua begi.

"Toa paa," alisema Mama Mashuka.

Mdogo Mtu, akiwa ameegemea shina la mti, alifungua begi na kuanza kutoa. Akatoa sakafu, akamwekea mikononi. Akatoa mlango uliokuwa kwenye mfuko wake wa nailoni. Akatoa machela, kamba zimeviringana. Akatoa soksi, kofia, sweta. Mvua ilikuwa inashuka kama imemwagwa kwa ndoo.

"Paa liko wapi?"

"Chini kabisa."

"Chini kabisa kwa nini?"

"Si ndivyo kaka alivyonifundisha? Paa mwisho! Alisema kila mara. Nimeliweka mwishoni mwa begi."

Mama Mashuka alisimama na blanketi mikononi, maji yakimchuruzika puani. "Mwisho kuingia, wewe! Ili liwe la kwanza kutoka! Unadhani mtu anajenga nyumba kwenye mvua kwa kuanza na godoro?"

"Angesema hivyo basi! Angesema liwe juu!"

"Mpigie simu umuulize!"

Maneno hayo yalikuwa yamemtoka vibaya. Kisha Mdogo Mtu akapiga chafya, nao wakalitoa paa na kuanza kuhangaika na kamba. Fundo la kwanza lilifunguka lenyewe. La pili lilikaza pasipotakiwa. Upepo ukaingia chini ya turubai, ukalipiga usoni pa mjane, naye akalitukana matusi ambayo wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali hawangeamini kwamba anayajua. Hadi paa liliposimama, limepinda upande kama kofia ya mlevi, sakafu ilikuwa imenyonya maji na kuwa nzito kama mbwa aliyelowa. Haikufaa tena. Waliitupa kando.

Mama Mashuka alimvua Mdogo Mtu koti na shati, akamvika sweta na kofia, akamwingiza kwenye machela. Akafungua mfuko wa nailoni. Mlango ulikuwa mkavu, nao walishukuru kwa hilo. Lakini alipoutandaza juu ya shemeji yake, aliona wasiwasi machoni mwake.

"Hili ndilo lile blanketi nono la kaka?"

"Ndilo."

"Mbona limekuwa kama gazeti?"

Mama Mashuka alilishika. Lilikuwa bapa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kukunja mashuka ya wagonjwa: kuyanyoosha, kuyabana, kuyatoa hewa, kuyapanga yakaingia mengi kwenye rafu moja. Baada ya mazishi aliyakunja mablanketi ya Fundi vivyo hivyo, akayakalia, akayafunga kwa kamba na kuyaweka chini ya sanduku zito. Hakuruhusu mtu ayaguse. Aliamini anayatunza. Mwaka mzima manyoya yalilala yamebanwa, yakashikamana vidonge vidonge, na sasa hayakuwa na hewa ya kutunza joto la mtu.

"Wewe na kukunja kwako," alisema Mdogo Mtu. "Siku moja utatukunja na sisi."

"Wewe na mwisho wako."

"Nililiweka paa nilikoambiwa!"

"Lala!"

Alikusanya majani makavu chini ya mwamba uliotokeza mbele na kuyaingiza kati ya machela na mgongo wa shemeji yake, badala ya sakafu. Kisha akakaa kwenye jiwe chini ya ncha ya turubai, akaanza kulishughulikia blanketi bila kumfunua. Lilikuwa limeshonwa kwa vyumba vidogo vidogo. Alishika chumba kimoja, akafikicha kidonge kwa vidole hadi kikaachana, akakipiga makofi mepesi, akahamia kingine. Kilichofunguka kilivimba kidogo. Vingine viligoma. Vidole vilikufa ganzi. Mvua ilibadili upande, ikampata mgongoni, akahama, ikamfuata.

"Polepole, unanipiga mbavu," Mdogo Mtu alilalamika.

"Vizuri. Lalamika."

Alilalamika. Alilalamikia majani yaliyomchoma, mguu, mjinga aliyejenga daraja, kaka yake aliyezungumza kwa mafumbo kama mganga. Mama Mashuka alimjibu moja baada ya jingine huku vidole vikienda. Giza lilipoingia aliendelea kwa kupapasa.

Halafu Mdogo Mtu akaacha kutetemeka.

"Sasa nasikia joto kidogo," alisema kwa sauti nzito. "Nataka kulala tu."

"Kaka yako alikuwa fundi bora kuliko wewe."

Hakujibu.

"Nimesema, redio zako zote zinakoroma. Jirani alikuletea moja inasema, ukamrudishia bubu."

"Sawa, shemeji."

Hapo ndipo alipoogopa. Katika miaka yote aliyoishi kwenye familia ile, hakuwahi kumsikia Mdogo Mtu akisema sawa. Aliweka kiganja shingoni mwake. Ngozi ilikuwa baridi kama kigae. Akavua nguo yake ya juu iliyolowa, akapanda kwenye machela, akamkumbatia kwa nyuma na kuwafunika wote wawili kwa blanketi, kadiri lilivyokuwa limevimba. Miti ililia. Kamba zilishika.

"Mama akisikia..." alinong'ona Mdogo Mtu baada ya muda mrefu.

"Mama akisikia nini?"

"Kwamba umenilalia."

"Mwambie nilikukunja."

Kitu kama kicheko kilipita mgongoni mwa Mdogo Mtu. Alimsugua mikono na kifua, akamchokoza, akamfinya aliponyamaza, akamlazimisha ataje sehemu zote za redio, na kila alipokosea alimwambia amekosea, ingawa mwenyewe hakujua hata moja. Blanketi lilizidi kupanda juu yao, chumba kwa chumba, kwa joto lao wenyewe. Kulipokaribia kucha Mdogo Mtu alianza tena kutetemeka kwa nguvu, machela yote ikitikisika, mwili wake ukipigana na baridi tena, na Mama Mashuka akalia kimya kwa furaha.

Asubuhi mvua ilikatika. Alimvunjia tawi liwe mkongojo, akarudisha kila kitu begini, hata sakafu iliyolowa, akalibeba, na walipanda mlima wakigombania njia. Mama Mashuka alisema wafuate maji yanakotoka. Mdogo Mtu alisema wafuate alama za panga kwenye miti. Walikuwa bado wanabishana, wameketi kwenye gogo na hawana nguvu ya kusimama, mlinzi wa mnara alipojitokeza na chupa ya maji na panga.

"Nawasikia tangu kule chini," alisema. "Nikajua hawa si majambazi. Majambazi hawagombani kwa sauti hivi."

Kibandani aliwapa maji ya moto, akaita gari kwa redio, litokee upande wa pili wa mlima. Akalitazama lile blanketi, akalitambua.

"La Fundi hilo. Lakini yeye hakulikunja hata siku moja. Alilishindilia begini kwa ngumi, popote pale. Na nyumbani je, aliliweka wapi?"

"Kabatini," alisema Mama Mashuka. "Lilining'inia wazi kati ya magauni yangu. Tuligombana kwa hilo miaka yote ya ndoa. Nilidhani hajui kupanga vitu."

Mlinzi alimwongezea maji.

Mguu wa Mdogo Mtu ulishonwa, ukapona, ukabaki na kovu analowaonyesha watu hata wasipouliza. Siku aliyotoka hospitali alikwenda kwa shemeji yake, akamkuta chumbani anasukumana na mlango wa kabati. Mablanketi yote mawili, yamefuliwa na kukaushwa hadi yakanona, yalikuwa yametundikwa humo kama watu wawili wanene kwenye lifti. Magauni yalikuwa kitandani.

"Hayaenei, shemeji. Nunua kabati jingine."

"Nani kakuuliza?"

Alisukuma tena. Mlango ulikuja nusu, ukarudi. Alisukuma kwa bega, kwa kiuno, akatukana. Ukarudi. Akasimama, mkono juu ya kitasa, akihema, akitazama manyoya yakisukuma kitambaa chake kutoka ndani.

Akauacha wazi.

"Kaa," alimwambia. "Nikuletee chai. Na usiguse kitu."