Pedali ya Odero

Asubuhi hiyo ya mwaka 1974 ilianza kama nyingine yoyote katika klabu ya michezo iliyo chini ya mlima Menengai. Umande haukuwa umekauka. Khaemba, jirani yetu wa mtaa wa Bondeni, alikuwa amekabidhiwa trekta ndogo ya kukata nyasi. Dereva wa kwanza, Odero, ilikuwa imempindukia mtaroni akafa.

Fundi Joginder alimweleza Khaemba taratibu.

"Hii haina gia, bwana. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha magurudumu. Kanyaga pedali kidogo, inakwenda kidogo. Kanyaga sana, inakimbia. Ondoa mguu, inasimama."

"Na haya matundu kando ya pedali?"

"Hapo palikuwa na kibano. Kinashikilia pedali ibaki chini, mguu upumzike, mwendo usibadilike. Ukigusa breki, kinaachia." Joginder akashusha sauti. "Siku ya Odero hakikuachia. Nimeking'oa mwenyewe."

Nabalayo, mkewe Khaemba, alikuwa akiuza chai langoni. Alimshika mkono.

"Baba Namalwa, usikikalie hicho kiti. Mwili wa Odero umekwenda kwao, lakini wazee wake hawajaja kuita roho yake pale alipofia. Ngoja waje wamchukue."

"Sisi ni watu wa kanisa, mama," Khaemba akacheka. "Nyasi hazingoji wazee."

Akapanda. Trekta ilinguruma vizuri, nyasi zikalala, harufu yake mbichi ikatanda uwanjani. Alipokaribia mteremko alitaka kupunguza mwendo. Akainua mguu.

Mguu haukuinuka.

Alidhani buti limenasa. Akachungulia. Hakuna kilicholishika. Pedali ilikuwa ikishuka, polepole, na mguu wake ukishuka nayo.

Akakanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Wapi! Usukani ukajipinda mikononi mwake, ukaelekea mtaroni.

Akazima injini.

Kimya. Injini ikizimika, pampu hufa, mafuta hayaendi popote, na trekta ya namna hiyo hugoma palepale kama punda. Lakini nyasi ziliendelea kupita chini yake. Mwendo uleule. Nyuma ya sikio lake, mtu alikuwa akipumua.

"Odero," alinong'ona. "Niache, ndugu yangu. Nina mtoto."

Nabalayo alikuwa akikimbia uwanjani. "Ruka! Baba Namalwa, ruka!"

Ataruka vipi?

Walimtoa mtaroni akiwa hai, mfupa umevunjika chini ya goti. Joginder alilipasua buti kwa kisu. Ngozi ya buti ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Akaivua soksi.

Juu ya mguu wa Khaemba nyama ilikuwa imebonyea, nyeusi tii: wayo mzima wa mtu aliyekanyaga peku, vidole vitano vikielekea mbele, sambamba na vyake.

Nabalayo aliufunika kwa leso.

Mfupa uliunga. Alama ilibaki. Hadi uzeeni Khaemba hakukubali mtu aiguse, hata mkewe. Alisema ikiguswa, inakanyaga.