Mashini ya Joviale Iliyokataa Kuzimika

Mitumbwi ilikuwa inashusha sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, soko la Kituku la Goma limejaa kelele, Kambere aliposikia mwanamke akiitukana kompyuta.

"Zimika basi, mashini ya shetani."

Ni Joviale, karani wa boti za kwenda Bukavu, liputa ya maua ya njano kiunoni, kitambaa cha bluu kichwani. Kambere, muandika programu wa mtaa wa Keshero, akasimama.

"Mama, ungeibembeleza."

"Bembeleza wewe, papa. Mimi niko na abiria."

Akaitengeneza. Miezi mitatu baadaye walikuwa wapenzi, na Kambere akamwekea mfumo wa kutunza mafaili alioandika na wenzake. Jioni ya kwanza tu, mashini ikaganda wakati wa kuzimwa.

"Unachomoa waya, cheri," Kambere alisema kwenye simu. "Njo maana inaharibika."

"Sijachomoa. Nimekuandikia: inakwama nikizima mara tu baada ya abiria wa mwisho."

"Goma wote wanachomoa. Courant ya umeme inakatika kila saa, imewazoeza vibaya."

"Kumbe mimi ni wote."

Joviale akakata. Siku nane hakupokea simu.

Mwishowe Kambere akasoma ule ujumbe wa Joviale, akafanya vile vile: andika, zima hapo hapo. Ikaganda. Akafungua msimbo wa jurnali, pale kila badiliko linapoandikwa kwanza kabla ya kuwekwa mahali pake. Kuna kazi ndogo inayolala na kuamshwa panapokuwa na cha kuandika. Mashini ikitaka kuzimika, huiambia iache, kisha huingoja itoke. Amri hiyo ya kuacha ikifika kazi ikiwa ndiyo kwanza inalala, inapita bure. Kazi inalala, mashini inangoja. Kazi ilitakiwa, kabla ya kulala, iulize kama imeambiwa kuacha. Mistari miwili iliyosahauliwa, na aliyeandika sehemu hiyo ni Kambere mwenyewe.

Akairekebisha, akazima mashini mara mia mbili. Zote zikazimika. Akashuka Kituku.

"Joviale, kosa ni langu. Hukuchomoa kitu."

"Sema kwa nguvu, engenia. Mama Rosette wa samaki hajasikia."

Akarudia. Wauza samaki wakacheka mpaka machozi. Kambere akaingiza marekebisho, Joviale akaandika abiria wa mwisho, akazima. Skrini ikawa nyeusi mara moja.

"Ungekuja siku ya kwanza hata bila dawa ya mashini," Joviale alisema taratibu, "ningekupokea."

"Nilikuwa na haya."

"Papa yangu ananiuliza kila dimanche tukitoka misa, huyu mutu wa Keshero anakuja lini."

"Dimanche hii. Naja na wakubwa wa ukoo wangu kutoka Butembo, kukuposa."

Joviale akachukua sakoshi yake, akamshika mkono mbele ya soko lote.

"Wawili wanatosha. Nyumba yetu ni ndogo."