Kurasa Nne za Mwenyeji

"Ufunguo huu hapa. Mashuka mawili, blanketi, mto, sufuria. Vyote safi. Nigongee mhuri, Mama, ndege yangu saa kumi."

Mama Mihuri, karani wa ofisi ya wanafunzi wanaokuja kwa mpango wa kubadilishana vyuo, hakugusa hata mto. Alimtazama binti juu ya miwani, kama mama mkwe anayekagua vyombo vilivyooshwa.

"Muhula haujaisha, mwanangu. Unakimbia nini?"

"Sikimbii. Nimepakumbuka nyumbani."

"Hukupakumbuka ulipofika hapa unatetemeka kwa baridi, upakumbuke leo umenawiri?"

Binti akacheka kwa shida. Kilichomkimbiza kilikuwa ndani ya simu yake.

Alipofika nchi hii ya watu, alipokelewa uwanja wa ndege na kijana wa ofisi hiyo, mwenye kazi ya kuwashika wageni mkono. Kazi yake ndiyo likawa jina lake: Mwenyeji. Ndiye aliyemsajilia laini, akampeleka benki, bima na uhamiaji, hata akamfundisha mashine ya kufulia. Akambandika na jina: Bi Ngazi, kwa sababu hapandi lifti. Alhamisi iliyopita alikuja kutengeneza kipasha joto cha chumbani. Alipomaliza, binti alimuuliza:

"Na siku ambayo hakijaharibika kitu, utakuja?"

Mwenyeji akakusanya bisibisi zake, akaondoka kama aliyeunguzwa. Kesho yake, ujumbe:

"Ndugu mwanafunzi, kuanzia leo faili lako limehamishiwa kwa mwenzangu. Tafadhali wasiliana naye kwa mahitaji yote. Ahsante."

Ndugu mwanafunzi! Hata barua ya kufukuzwa kazi ina huruma kidogo. Binti alipiga mara tatu, simu haikupokelewa. Aibu ikamla. Akabadilisha tiketi.

"Haya," Mama Mihuri akasema, akitupa faili mezani. "Anayeondoka husoma faili lake lote na kusaini kila ukurasa. Ndiyo sheria yetu."

"Mama, nitachelewa!"

"Basi soma haraka. Nasikia una akili."

Binti akafunua. Usajili, bima, picha aliyonuna. Kisha zikaja kurasa nne za mwandiko wa mkono: *Makabidhiano kwa mwenyeji mpya.*

*"Usimpitishe kwenye lifti. Anaogopa, na hatasema. Mpitishe ngazini, ujifanye wewe ndiye unayetaka mazoezi."*

Binti akasita. Jana tu, yule dada aliyepokea faili lake alimpandisha ghorofa sita za uhamiaji akidai anapunguza kitambi. Na kitambi chenyewe hana!

*"Kwa daktari, muulizie swali lake mara ya pili. Yeye huona aibu kurudia. Jumapili jioni usimpigie, anaongea na mama yake. Akisema 'niko sawa' mara moja, mwamini. Akisema mara mbili, usiondoke."*

Kumbe mtu anaweza kusomwa hivi, mstari kwa mstari, na asijue! Siku zote hizo alidhani anatengenezewa vitu tu. Akasoma polepole, kama anayeogopa kukanyaga kitu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache.

*"Sababu ya kuomba kuondolewa: Nampenda. Kanuni inakataza, nayo ina haki. Mtu aliyeshika karatasi zako utamkatalia vipi? Nataka kwanza asinihitaji kwa lolote, ndipo nimwambie."*

Akainua uso. "Mama... mbona hukuniambia?"

"Mimi nimeapa kutunza mafaili, sikuapa kupeleka posa. Aliyeachia faili lako anatakiwa akae siku saba bila kukutafuta wala kusema nawe. Zinaisha keshokutwa, Ijumaa."

"Na mimi nikimtafuta?"

Mama Mihuri akavua miwani. "Kanuni imemfunga yeye. Wewe nani kakufunga? Yuko stoo ya chini."

Binti alishuka ngazi mbili mbili hadi stoo ya chini. Mwenyeji alikuwa amepiga magoti, anaunga vitanda vya wageni wa muhula ujao. Alipomwona akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. Akanyanyua vidole viwili.

"Siku mbili, najua. Usiseme. Nitasema mimi."

Mwenyeji akaziba mdomo kwa kiganja. Macho yakamjaa maji.

"Nimesoma kurasa zako nne. Nimesaini tatu. Ya nne siisaini, maana anayesaini zote anaondoka."

Kijana akakaa kitako juu ya godoro. Binti akakaa pembeni yake.

Simu ikaita. Mama yake mzazi.

"Umeshafika uwanjani, mwanangu?"

"Siji, Mama. Namaliza muhula."

"Kulikoni tena? Jana si ulikuwa unalia unataka kurudi?"

"Kuna mtu ana neno la kuniambia Ijumaa."

"Ijumaa? Leo kashikwa na nini?"

"Yuko hapa hapa, Mama. Ananitazama tu."

Mama yake akashusha sauti.

"Hebu niambie. Huyo mtu ana adabu, au ana woga?"

Binti akamgeukia Mwenyeji, akamwangalia vizuri.

"Vyote viwili, Mama."

Mwenyeji akaangua kicheko, stoo nzima ikaitikia. Kanuni haikuwa imekataza kucheka.